Dola 24

Rungwe tunajua karata. Mvua ikishika, na Tukuyu hushika miezi mingi ya mwaka, utakuta watu barazani wanacheza lasti kadi au arubastini, anayefungwa anampisha mwingine. Poka sikuwahi kuiona barazani. Niliijua kwa kusoma habari za Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee nchini Marekani. Mwaka 2003 aliingia kwenye mashindano madogo ya mtandaoni kwa dola 86, akapata nafasi ya kwenda Las Vegas, na huko akawamaliza wenzake 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Baada yake watu wengi sana waliingia mtandaoni kutafuta bahati kama ile.

Mashindano yangu yalikuwa ya kiingilio cha dola 1. Tulikuwa 90. Wenye tovuti walichukua asilimia 10, zikabaki dola 81 za kugawana watu 12 wa mwisho. Wengine 78 hawakupata kitu.

Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano huwekwa mezani kwa ajili ya wote: tatu kwanza, halafu moja, halafu moja. Katikati ya hapo mnawekeana pesa. Ree mbili, ambazo ndizo karata bora za kuanzia, humjia mtu kwa wastani mara 1 katika 221. Kwa hiyo kazi kubwa ni kutupa karata mbovu na kusubiri. Nilitupa karata karibu saa tatu nzima. Umeme ulikatika tukiwa tumebaki 20. Nikapunguza mwanga wa simu, nikaendelea.

Tulipobaki wawili, mwenzangu alikuwa anaweka pesa zake zote karibu kila mkono. Mimi nikapata Ree na Kingi, nikamkubalia. Kwa mtu anayecheza vile, ndivyo inavyotakiwa. Karata zilipofunuliwa, safari hii alikuwa na Kwini wawili. Hapo mimi ndiye niliyekuwa nyuma: katika mikono 100 ya aina hiyo, nitashinda kama 43 tu. Karata nne zilipita bila kunisaidia. Ya tano ikawa Kingi.

Dola 24. Kama shilingi 60,000.

Asubuhi nilimweleza mama, akiwa anafunga kanga aende kuchuma chai. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na hao wengine walikuwa wanalima nini?" Nikasema hakuna aliyelima kitu, mama, ni hela zao wenyewe. "Basi umekula hela za watu," akasema, akachukua kikapu chake. Hakukasirika. Alitaka tu kujua ilikotoka.

Mdogo wangu naye alitaka kujua inakoelekea. Ana miaka 21, ananunua parachichi vijijini kwa niaba ya mawakala, na mikeka ya mpira anaibandika kila wikendi. Alikuwa na mtaji wa shilingi 300,000. "Dada, nifundishe. Dola moja imezaa 24. Sisi tukiweka hii yote?"

Ningeweza kumwambia kamari ni mbaya. Angeniuliza jana usiku nilikuwa nafanya nini. Nikachukua karata za kawaida, nikaweka Ree na Kingi upande wangu, Kwini wawili upande wake. Nikamwambia achanganye zilizobaki, afunue tano, aandike nani kashinda, kisha arudie mara 20. Alifanya kwa makini kuliko nilivyotegemea. Mimi nilishinda mara 8, yeye 12.

"Ina maana jana ulikuwa unafungwa," akasema.

"Mara nyingi ningefungwa. Tena pale ni baada ya kuwamaliza watu 88."

Akaitazama ile karatasi. "Lakini jana ulishinda."

Sikuwa na jibu la maana. Hesabu inazungumzia mikono 100, na mtu anakumbuka mmoja. Moneymaker tunamjua kwa jina. Wale 838 hatuwajui, na wale 78 wa kwangu siwajui hata nchi zao. Aliyeshinda ndiye anayesimulia, na kadiri anavyosimulia ndivyo njia inavyoonekana nyepesi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasimulia mara mbili kabla ya saa tatu asubuhi, na kila mara ile Kingi ya mwisho ilikuwa inazidi kuonekana kama kitu nilichokijua mapema.

Nilichoweza ni kumwambia kiasi: dola 1 kwa wiki, ya kupoteza, na mtaji wa parachichi usiguswe. Hakuahidi. Jumatatu alikwenda vijijini kununua, shilingi 300,000 zikiwa kamili, nilizihesabu naye. Karata alizichukua, akasema anataka kujaribu mara 100.