Kila Mtu Kuume Kwake



Wengi wenu munamujua mdogo wangu wa mwaka wa pili, ule ambaye mkono wake wa kushoto haunyooki. Mukimwuliza, anajibu: «Nilianguka na kinga.» Ni kweli. Lakini kuna neno moja nililolificha miaka mine, na ni somo la fizika lililonitoboa moyo.

Mwalimu alitupa hesabu hii. Ndege mbili ndogo zinakuja uso kwa uso, kila moja inakimbia kilometa 200 kwa saa. Katikati yao kuna kilometa mbili. Je, marubani wako na wakati gani? Tukahesabu: sekunde 18 tu. Sisi wote tukacheka, tukasema mbingu ni kubwa, zitakutana namna gani? Mwalimu hakucheka. Akatueleza mambo mawili yaliyotokea kweli.

La kwanza ni la Kenya. Tarehe 5 Machi 2024, ndege kubwa kidogo, aina ya Dash 8, iliondoka Nairobi, uwanja wa Wilson, kwenda Diani na watu 44. Juu ya mbuga ya wanyama ikagongana na Cessna 172 ya masomo. Ile kubwa ikarudi, ikatua salama. Katika ile ndogo walikuwamo watu wawili, mwalimu na mwanafunzi wake. Wote wawili walikufa.

La pili ni la Uingereza, tarehe 14 Juni 2009. Ndege ndogo ya jeshi la anga ilimbeba kijana wa miaka 15, aonje kuruka. Ikagongana na ndege isiyo na motere. Rubani wa ile isiyo na motere aliruka na mwavuli, akapona. Kijana na rubani wake hawakupona. Miaka 15, wandugu! Ni umri wetu.

Ndege isiyo na motere ni kitu gani? Muangalie mwewe wakati wa kiangazi, majani yanapoungua. Hapigi mabawa. Anazunguka tu juu ya moto, hewa ya joto inamupandisha. Ndege hizo zinafanya vile vile. Ni nyembamba, nyingi ni nyeupe, na ukizitazama kwa mbele zinapotea katika mawingu.

Mwalimu akaongeza jambo la kushangaza. Ndege ambayo itapita pembeni, unaiona ikitembea katika kioo chako. Lakini ile ambayo itakugonga haitembei! Inakaa pahali pamoja kama doa, kisha kwa gafula inakua. Na jicho la mtu linavutwa na kitu kinachotembea, si kinachotulia. Tena Cessna 172 iko na mabawa juu ya kichwa, rubani haoni vizuri kilicho juu yake. Tangu mwaka 2004 kuna mashine ndogo ya kuonya marubani wa ndege zisizo na motere, lakini inasaidia tu kama wote wawili wako nayo.

Kwa hiyo iko sheria ya zamani: mukikutana uso kwa uso, kila mtu ageukie kuume kwake. Mwalimu aliposema neno hilo, kalamu yangu ilianguka.

Ile siku tulikuwa tunatoka Kabambare, mfuko wa mpunga nyuma ya kinga, mdogo wangu mbele kwenye chuma. Katika mteremuko mtu mwingine alikuwa anapanda na kinga yake. Nilimuona mbali. Kuume kwangu kulikuwa matope, nikaogopa kuchafua mpunga, nikageukia kushoto. Naye akageukia kuume kwake, kama inavyopaswa. Tukakutana palepale.

«Weye, haukuniona?» akaniuliza, damu ikimutoka mdomoni.
«Nilikuona!»
«Basi mbona umenifuata upande wangu?»

Sikujibu. Nyumbani nilimwambia mama kwamba ule mtu ndiye aliyekuja upande wetu. Mama alimulaani ule mtu, na mimi nilikaa kimya.

Juma lililopita nilimwambia mama ukweli, mdogo wangu akisikia. Mama hakusema kitu muda mrefu. Mdogo wangu akaangalia mkono wake, akasema: «Basi ulikuwa unalinda mpunga.» Afazali angenipiga.

Sikumupata ule mtu nimuombe masamaha. Sijui jina lake. Kama anasoma karatasi hii, au mtoto wake anasoma kati yetu, ajue kwamba hakukosa.

Wandugu, kuona mwenzako haitoshi. Sharti ajue utapita wapi. Kwa hiyo njiani, kila mtu kuume kwake, hata kama kuna matope.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano