Mwalimu Anayekubali Kila Kitu

Wasee, kuna swali limenikaa rohoni wiki nzima: huyu mwalimu wa kwenye simu tunamwamini kwa nini? Kwa sababu anajua, ama kwa sababu anaongea poa?

Sistangu yuko Kidato cha Nne. Ticha wa kuja nyumbani ni pesa mob, bando ni mbao tu. Basi usiku anasoma na programu moja ya akili mnemba. Haichoki, haifoki. Juzi ikamwambia Bembea ya Maisha ni riwaya. Akakataa: ni tamthilia ya Timothy Arege, na kitabu anacho mkononi. Ikajibu chap chap, "Samahani, uko sahihi kabisa." Akaamua kuitega: "Hapana, ni diwani ya mashairi." Ikarudia, "Uko sahihi kabisa."

Tulicheka sana. Halafu tukanyamaza, kwa sababu jioni iliyotangulia ilikuwa imemfunza kemia, na kitabu cha kemia hana.

Hapo ndipo shida iko. Kukosea si hoja, hata walimu wa darasani hukosea. Lakini mwalimu wa ukweli ukimbishia ovyo, anakukatalia. Asipojua, anasema, "Ngoja nikaangalie, nitawaambia kesho." Anayekubali kila kitu hakufunzi, anakubembeleza.

Na si eti mashine zote haziaminiki. Mwaka wa 2016, chuo cha Georgia Tech huko Marekani kilitumia programu iliyoitwa Jill Watson kujibu maswali ya wanafunzi wa kozi ya mtandaoni. Wengi hawakujua wanajibiwa na mashine hadi muhula ulipokuwa unaisha. Siri yake? Profesa Ashok Goel na timu yake waliiweka ijibu tu ikiwa na uhakika wa asilimia 97. Mengine waliachiwa binadamu. Iliaminika kwa sababu ilijua kunyamaza.

Kwa hivyo kabla hujamkabidhi ticha wa simu KCSE yako, muulize kitu ambacho jibu lake unalijua. Akijibu vizuri, mpinge makusudi uone kama atasimama. Akiyumba, usimfukuze, mpe kazi nyingine: akuulize maswali, wewe ujibu, halafu nyote wawili mkaguliwe na kitabu. Kama huna kitabu, azima kwa beshte. Msahihishaji wa mtihani hatakubali "samahani, uko sahihi kabisa."

Wako umeshamtega? Niambie alisema nini.