LO SIZONI NI YA NANI?

Hapa kwetu Timau neno "lo sizoni" halihitaji mkalimani. Hata nyanya asiyejua Kiingereza analijua: ni kipindi ambacho wanunuzi au wageni ni wachache. Mimi nauliza, ni lo sizoni ya nani?

Chukueni mashamba ya maua. Kilele chao ni 14 Februari, Siku ya Wapendanao, na tena Mei, Siku ya Akina Mama. Hapo vibarua huandikwa wengi na ovataimu huenda hadi usiku. Kisha Ulaya huingia kiangazi, watu wa huko wakachuma maua bustanini mwao, na huku msimamizi akatangaza, "Sasa ni lo sizoni, mtaitwa." Mama yangu aliambiwa hivyo Juni mwaka jana. Lakini pesa za chakula cha mchana hapa shuleni hazina lo sizoni! Hata maua yenyewe huendelea kuchanua tu.

Panda juu kidogo hadi lango la Sirimon. Kwa wapagazi wa Mlima Kenya, lo sizoni ni Aprili, Mei na Novemba, kwa sababu ya mvua. Aprili hiyo hiyo sisi tuko shambani na viazi, na jembe halipumziki.

Stima nayo ina yake. Mnamo Desemba 2017 viwanda vilianza kuuziwa stima ya usiku kwa bei nafuu, vikipita kiwango fulani cha matumizi, kwa kuwa saa hizo wengi wetu tumelala. Mlinzi wa usiku je?

Tafsiri tuliyopewa darasani ni "msimu usio wa kilele". Kwa wakazi wa mlimani inachekesha kidogo, maana kilele cha Batian, mita 5,199, hakihami. Tena inataja kisichokuwepo. Mabaharia wa pwani walifanya vizuri zaidi. Neno lenyewe "msimu" lina asili ya Kiarabu, na walilifungamanisha na pepo za kaskazi na kusi. Kile kipindi cha katikati, upepo unapogeukageuka, hawakukiita msimu wa chini. Walikiita maleleji.

Basi mimi napendekeza tumtaje aliyepungua: "msimu wa wanunuzi wachache", "msimu wa wageni wachache". Ni refu, najua. Mwenye jina bora zaidi alilete chamani tulijadili.