Siku Nne Konoin

Binti wa ukoo wetu alipoletewa barua ya kwenda kufundisha Konoin, nyumba nzima haikuwa na mtu aliyepata kulisikia jina hilo. Mmoja alisema ni upande wa Kisumu, mwingine akashikilia kuwa ni Eldoret. Mwisho mzee wa nyumba alikata maneno: "Ni huko Kericho," akasema, kana kwamba anataja mwezini. Na Kericho yenyewe tuliijua kwa njia moja tu, nayo ni maandishi ya kwenye pakiti ya majani. Sisi ni watu wa chai asubuhi kwa mahamri, chai alasiri kwa kaimati, na chai tena mgeni akibisha hodi usiku. Lakini katika umri wetu wote hatukupata kujiuliza ni mkono wa nani ulioyachuma majani hayo.

Mwaka wa pili wa kazi yake, wiki ya mwisho ya muhula, tulifunga safari watu watatu, shangazi zake wawili na mama yake mdogo. Tulipanda gari la moshi Miritini, tukalala Nairobi kwa jamaa, na asubuhi tukashika njia ya Mai Mahiu na Narok. Hadi Narok na mbele yake kidogo nchi ni ya ngano na vumbi. Ukishavuka Mulot ardhi huanza kubadilika rangi, na baada ya Bomet na Kaplong macho hayana pa kupumzikia isipokuwa kwenye ukijani. Litein tuliiacha barabara kuu, tukaelekea mashariki hadi soko la Mogogosiek. Binti yetu alikuwa anatungojea hapo, amevaa koti zito juu ya buibui.

Konoin ni mojawapo ya kaunti ndogo tano za Bomet, pamoja na Sotik, Chepalungu, Bomet ya Kati na Bomet Mashariki. Zamani nchi hii yote ilihesabiwa ndani ya wilaya ya Kericho, na Bomet ilipewa wilaya yake mwaka 1992. Baadaye katiba ya 2010 ikaleta kaunti, na mpaka wa Kericho na Bomet leo unapita katikati ya michai ambayo yenyewe haina habari nao. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 163,507 katika Konoin, nao wamegawika katika wadi tano: Chepchabas, Kimulot, Mogogosiek, Boito na Embomos. Chini ya wadi kuna lokesheni na chifu wake, kisha sub-lokesheni, na hapo karatasi za serikali zinapokaribia kwisha ndipo inapoanza kokwet. Hiyo ni mkusanyiko wa nyumba za mgongo mmoja wa kilima, ambazo wazee wake huketi chini ya mti kusikiliza kesi za mipaka, ng'ombe waliovunja ua, na mume na mke wasiopatana. Mtu wa Mji wa Kale angeifahamu kokwet kwa haraka kuliko angalivyofahamu kaunti ndogo, kwa kuwa haiko mbali na mtaa wenye baraza lake.

Nchi yenyewe ni migongo na mabonde, mgongo na bonde, kama mkeka uliokunjwa ukaachwa. Iko juu sana, mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, na upande wa mashariki unasimama msitu wa Mau. Mito inayotoka msituni kuteremkia magharibi hukutana mbele ikawa mto Sondu, unaoingia Ziwa Viktoria. Mingine miwili ya msitu huohuo, Nyangores na Amala, hushika njia ya kusini na kuwa mto Mara, ule ambao nyumbu huuvuka na watalii wakalipa fedha nyingi kuwatazama. Pembezoni mwa msitu kuna mkanda wa chai ya serikali uliopandwa tangu 1986, ili uwe kama ua wa kuzuia mashamba yasiingie mitini.

Asubuhi ni kweupe na baridi. Mchana mawingu kutoka ziwani hupanda kukutana na ya Mau, na ikifika saa tisa mvua inanyesha, mara nyingine mvua ya mawe. Siku yetu ya pili ilinyesha ya mawe. Sisi tulikimbilia mlangoni kuiokota na kucheka kama watoto, hata tukamwona mwenyeji wetu amesimama kimya ameshika shavu. Mawe hayo huchana majani machanga, na mchai uliochanwa hauchumwi kwa muda. Tuliona haya, tukayatupa.

Mwenyeji huyu ni mama mjane wa Kikipsigis ambaye binti yetu amepanga chumba kwake. Humwita Kogo, yaani bibi, na sisi tukafuata. Tulimwamkia "Chamge" kama tulivyofundishwa njiani, akatujibu "Chamge mising" na kutukumbatia mmoja mmoja, kisha akatazama viatu vyetu vya wazi na kutikisa kichwa. Alfajiri ya kwanza tulikuta sufuria ya maji ya moto nje ya mlango wetu. Hatukumwomba. Alikwisha kujua kwa mpangaji wake kwamba watu hawa hunawa kabla ya jua kuchomoza, naye akaona si haki mgeni anawe kwa maji ya pale, ambayo kwa hakika yanauma hata mifupa. Kibla huko ni kaskazini, kwa kupinda kidogo mashariki. Tulisali tukikabili dirisha lililojaa ukungu.

Msikiti wa karibu uko mbali. Kericho mjini wako Waislamu tangu zamani, wakiwamo Wanubi, kizazi cha askari wa Kisudani walioletwa na jeshi la Waingereza, na Wasomali wa biashara. Lakini huku vijijini binti yetu yuko peke yake. Kwa hiyo Kogo alikuwa amemfunga kuku mguu tangu jana yake, akitungoja. "Nani kati yenu atachinja?" akauliza. Tulitazamana. Dini inamruhusu mwanamke kuchinja, hilo tunalijua sote, lakini majumbani mwetu kazi hiyo tumewaachia wanaume miaka nenda miaka rudi, hata mkono umesahau. Mkubwa wetu alikishika kisu, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akachinja vizuri kabisa. Tangu turudi nyumbani amekuwa akilitaja jambo hilo kila Ijumaa.

Kuku yule tulimla kwa kimyet, ambayo ni ugali mgumu wa mahindi, na mgagani uliopikwa kwa maziwa. Baadaye akaleta kibuyu cha mursik. Haya ni maziwa yaliyogandishwa siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wanaouita senetwet, nayo hutoka na rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Mmoja wetu aliomba kikombe cha pili. Wawili tulimshukuru mwenyeji kwa neno lao, "Kongoi", tukayapeleka maziwa polepole.

Jioni, tukiota moto, tulisomeshwa majina. Kwao mtoto huitwa kwa saa aliyozaliwa. Chepkoech na Kipkoech walikuja kukicha, Chebet na Kibet mchana, Cherotich na Kiprotich ng'ombe walipokuwa wanarudi zizini, Chepkemoi usiku. Cheruto alizaliwa mama yake akiwa safarini. Tulimwambia nasi tuna Mwanajuma, Khamisi, Ramadhani na Mwanaidi. Alicheka: "Nyinyi mnahesabu siku, sisi tunatazama ng'ombe."

Shamba la Kogo halifiki eka moja. Mumewe aliipanda michai hiyo wakiwa wachanga wa ndoa. Mchai ukiachwa huwa mti mrefu, lakini hukatwa ukabaki kimo cha kiuno, juu yake sawasawa kama meza. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa kesha ingia, kajifunga nailoni mbele ili umande usimloweshe, kapu mgongoni. Huchumwa majani mawili na chipukizi, basi. La tatu ni gumu na hushusha daraja la chai. Vidole vyake vilikwenda bila macho, naye akizungumza nasi. Kufikia saa nne alikuwa amemwaga kapu mara mbili, na sisi watatu kwa pamoja hatukujaza moja. Mchai uleule humrudia baada ya siku nane au kumi, mwaka mzima, mvua na jua. Majani hupelekwa kituoni, yanapimwa, uzito wa gunia unatolewa, kisha unangoja lori. Siku lori likichelewa majani yanapata joto gunini na kuharibika, na hasara ni ya aliyechuma. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi ndizo zinazotoa kilo moja ya chai tunayoijua sisi.

Malipo huja kwa mafungu mawili: kiasi kidogo kila mwezi, na kilichobaki mara moja kwa mwaka, panapo Oktoba, nacho huitwa bonasi. Bonasi ndiyo karo, ndiyo bati, ndiyo deni la hospitali. Mpango huu ulianza na mamlaka ya chai ya wakulima wadogo iliyoundwa 1964, ambayo tangu 2000 ni kampuni ya wakulima wenyewe, na manung'uniko hayakosi. Wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa hulipwa bonasi ndogo kuliko wenzao wa Kirinyaga na Murang'a, na kila mwaka huuliza kwa nini. Kogo alikuwa na lake zaidi. Namba ya mkulima iliandikwa kwa jina la mume. Alipofariki, fedha za michai aliyoichuma yeye kwa miaka thelathini zilisimama, naye akahangaika kwa karatasi misimu miwili kabla ya kuandikwa jina lake. "Michai ilikuwa inanijua," alisema, "ofisi ndiyo haikunijua." Akina mama wanaosoma haya, na wenye vyumba vya kupangisha au kiwanja kilicho kwa jina la mwingine, watamwelewa.

Ng'ambo ya bonde ni nchi nyingine. Huko chai haina mwisho, imenyooka kwa kamba, na nyumba za wafanyakazi zimepangwa safu kwa safu. Ni mashamba makubwa ya kampuni za kigeni, yaliyoanza miaka ya 1920 juu ya ardhi iliyochukuliwa kwa Wakipsigis. Ukoo wa Talai, uliokuwa wa viongozi wa dini yao, ulihamishwa kwa sheria ya 1934 na kutupwa Gwassi, pwani ya Ziwa Viktoria, mahali pa mbu na mbung'o. Wajukuu zao bado wanadai. Mwafrika hakuruhusiwa kulima chai ya kuuza kwa upana mpaka baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, ndiyo maana shamba la Kogo ni changa kuliko lile analolitazama kila siku. Kwenye safu zile walikaa Wakisii, Waluo na Waluhya waliokuja kutafuta kazi, na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliwafuata hata humo. Februari 2023 uchunguzi wa watangazaji wa Kiingereza ulieleza jinsi wanawake zaidi ya 70 wa mashamba ya namna hii walivyosema wamedhulumiwa miili yao na wakubwa wao wa kazi. Mei ya mwaka huohuo, watu walichoma mashine za kuchumia, kwa kuwa mashine moja hufanya kazi ya mikono mingi. Tuliiona mashine kwa mbali, inanguruma kama pikipiki. Kogo hakuigeukia. Mwanawe wa pili alikuwa mchumaji huko, sasa yuko Nairobi, analinda geti.

Usiku wa mwisho ndipo alipotuuliza lililokuwa moyoni mwake. "Nyinyi ni watu wa Mombasa. Ni kweli chai yetu imelala huko kwenu?"

Hatukuwa na jibu. Tulijua kuna mnada wa chai mjini kwetu, kama mtu anavyojua kuna benki kuu, lakini hatukujua kuwa umekuwa Mombasa tangu 1969, wala kuwa huuza chai ya nchi nyingi za Afrika Mashariki, wala kuwa mnunuzi wake mkubwa ni Pakistani. Binti yetu ndiye aliyetueleza. Julai 2021 serikali iliweka bei ambayo chai ya wakulima hawa isingeuzwa chini yake, dola 2.43 kwa kilo, kwa nia ya kuwasaidia. Wanunuzi walikimbilia chai ya mashariki, na nyingi ya magharibi ikakosa mtu, ikabaki ghalani. Isiyouzwa haileti bonasi.

"Basi mkifika," akasema Kogo, "niangalilieni."

Tuliahidi, kama watu wanavyoahidi. Lakini mkubwa wetu, yule wa kuku, hakuisahau. Ana mjomba wake anayepakua mizigo katika maghala ya Shimanzi, naye alimsumbua mpaka siku moja akampeleka ndani. Magunia ya karatasi yalikuwa yamepandishwa hadi darini, kila moja lina jina la kiwanda ubavuni. Alipita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akalikuta jina la kiwanda cha Kogo, na vumbi juu yake.

Alimpigia simu palepale. Huko ilikuwa inanyesha, ilisikika kwenye bati.

"Umeiona?" akauliza Kogo.

"Nimeiona, mama."

"Imenunuliwa?"