Mwenza wa Hadithi Asiwe na Sura ya Mtu

Sisi ni wanawake wa Unguja tunaoishi Iringa. Mwezi wa saba baridi ya huku haina mchezo, na baada ya Isha hakuna pa kwenda. Ndipo tukaanza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimuliana hadithi uliotoka Marekani mwaka 1974. Kila mtu ana mhusika wake, mmoja anasimulia, kete zinaamua kama umefaulu.

Shida ilikuja kwenye mwenza. Sheria za mwaka 2014 zinamruhusu mhusika aite roho inayochukua umbo la mnyama: popo, paka, bundi. Haishambulii, ikiuawa inatoweka, na ukiiita tena unaweza kuipa umbo jingine. Kwa Mmarekani hiyo ni ngano tu. Sisi tuliokulia visiwani, kiumbe asiye na sura moja tunamjua kwa jina, na usiku hatulitaji.

Mmoja wetu, kwa utani, alimgeuza mwenza wake kijana mzuri. Mdogo wetu, aliyekuwa akisubiri nikaha aende Mbeya, akaweka karatasi yake chini. Nyote mnajua neno jini mahaba linavyomfuata mwanamke. Akichelewa kushika mimba, jini mahaba. Akigombana na mume, jini mahaba. Hakutaka kwenda nalo ukweni hata kwa mchezo, na tuliona ana haki.

Basi tukaweka sheria za nyumba. Mwenza haitwi roho wala haombwi kitu, mchezaji anasema tu, "mnyama wangu anageuka." Haelezi mambo ya ghaibu, hayo ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Akijua kilicho nyuma ya ukuta, ni kwa kuwa ameupanda. Na hachukui sura ya binadamu, ya mume ndiyo kabisa. Kete nazo tuliziacha, kwani wanazuoni wengi hawaziridhii hata pasipo kamari. Tunaokota vikaratasi vya namba 1 hadi 20 kwenye kikapu cha milulu cha hapa hapa Iringa (kinapendeza kuliko kete, tuseme ukweli).

Kwa nyoka tulibishana sana. Imo katika Sahihi Muslim habari ya kijana wa Madina aliyetoka kuoa. Alimkuta bi harusi wake amesimama mlangoni na nyoka yuko kitandani. Akamchoma mkuki, na haikujulikana nani alitangulia kufa. Mtume (s.a.w.) akaelekeza nyoka wa majumbani waonywe kwanza siku tatu, kwani wako majini waliosilimu. Sasa hapo utafanyia mchezo nini? Nyoka akatoka, pamoja na yule anayesimuliwa Mbeya kwamba anaishi Ziwa Ngosi.

Wanyama waliobaki ni wa huku huku: mbega, kinyonga, na kipunji, kima wa misitu ya Mlima Rungwe ambaye wanasayansi walimgundua mwaka 2003 tu.

Mdogo wetu alichagua kipunji. Karatasi yake aliifungasha sandukuni chini ya khanga, na juzi mawifi zake wa Mbeya wameomba wafundishwe. Kabla ya kuwagawia vikaratasi, amewaambia sheria ya sura.