Urithi wa Mama Asiye na Mtoto

Sisi akina mama tunayajua maneno yanayosemwa juu ya mwanamke asiyejaliwa mtoto: kwamba akifa, jina lake limekwisha. Basi na tumtazame Beatrix Potter wa Uingereza, yule aliyewaandikia watoto hadithi za sungura Peter.

Mwaka 1905 mchumba wake alifariki, mwezi mmoja tu baada ya kuposwa. Mwaka huohuo, kwa fedha za vitabu vyake na urithi mdogo, alinunua shamba la Hill Top, lenye nyumba ya karne ya 17, katika nchi ya milima na maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1913, akiwa na miaka 47, aliolewa na wakili wa huko, William Heelis. Hawakupata mtoto.

Lakini alifanya kazi. Alifuga kondoo wa Herdwick, kondoo wa kienyeji wanaostahimili baridi ya milimani, na akaendelea kununua mashamba ili yasikatwe vipande na kujengwa majumba. Mwaka 1930 alinunua eneo kubwa la Monk Coniston, na nusu yake akaliuzia shirika la National Trust, linalotunza ardhi kwa faida ya watu wote. Mmoja wa waanzilishi wa shirika hilo mwaka 1895 alikuwa kasisi Hardwicke Rawnsley, rafiki yake tangu ujana.

Alipofariki mwaka 1943, aliliachia shirika hilo ekari zaidi ya 4,000, akiagiza kondoo wa Herdwick waendelee kufugwa milimani. Hata leo wakulima wanafuga huko, na wageni hutembea kwa miguu katikati ya malisho. Huko Tarn Hows njia inazunguka ziwa dogo, na hata mama anayesukuma kigari cha mtoto hupita bila shida. Hakuna anayeulizwa ukoo wake.

Kwetu, mara nyingi matanga hayajaisha ndugu wanapima shamba kwa hatua. Maandiko yanatufundisha kwamba ardhi ni ya Mungu, nasi ni wapitaji tu. Hatusemi watoto wanyimwe haki yao. Tunasema, tukae na waume zetu mapema, tuulizane ni kipi kisigawanywe: chemchemi, kijisitu, au njia ya kisimani. Kisha tukiandike katika wosia. Na dada yetu asiye na mtoto tumwite kikaoni, tumsikilize. Huenda yeye ndiye anayeona mbali.