Mbwa Miguuni Pangu

Ndugu msomaji, mimi ni mzaliwa wa Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja, na mtu wa Mkunazini hakuzoea kukaa karibu na mbwa. Sisi ni watu wa madhehebu ya Imamu Shafi. Tangu chuoni tulifundishwa kuwa mate ya mbwa ni najisi nzito: yakikupata utaosha mara 7, moja katika hizo kwa udongo. Mbwa tukiwajua ni wa shamba, wa wasasi wanaowinda nguruwe. Wa mjini tuliwatupia mawe.

Basi fikiri hali yangu mwaka 2022, nilipokwenda Marekani kumtazama mwanangu. Nilikuwa nimeshakaa ndani ya ndege, mkanda nimefunga, akaja mama mmoja asiyeona, na mbele yake mbwa mweusi wa aina ya Labrador, mkubwa kama beberu. Mama akakaa kiti cha pili yangu. Mbwa akajikunja miguuni pake, kichwa akakilaza karibu na kiatu changu. Nikalikusanya pindo la kanzu yangu, nikamwita mhudumu. Akaniambia kwa adabu kuwa ndege imejaa, na kwamba mbwa yule ana haki ya kuwapo pale.

Haki yenyewe niliisoma baadaye. Mbwa mkubwa wa kufugwa tu kwa kawaida husafiri chini, kwenye shehena, ndani ya tundu lake. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inazuia mashirika ya ndege kumbagua abiria mwenye ulemavu, na mbwa anayemwongoza huingia naye bila ya nauli. Watu wakaitumia vibaya ruhusa hiyo, wakawa wanapanda na wanyama wa kila namna kwa kudai kuwa wanawaliwaza. Mwisho wa mwaka 2020 kanuni zikakazwa: anayehesabiwa sasa ni mbwa tu, tena aliyefunzwa kazi ya kumsaidia mwenye ulemavu, naye lazima atoshe katika nafasi ya miguu ya mwenyewe. Kazi hii ya kuongoza wasioona ilianza kufundishwa skuli nchini Ujerumani, mjini Oldenburg, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani.

Chakula kilipita, nyama ikanukia, mbwa hakuinua kichwa.

"Samahani bwana, mbwa wangu anakusumbua?" akaniuliza yule mama.

"Hapana," nikasema, na miguu nimeikunja mpaka inaniuma.

Akanieleza kuwa mbwa humtoa nyumbani mpaka kazini na kumrudisha. "Nikimwamuru tuvuke, na gari inakuja, hunikatalia. Husimama palepale mpaka njia iwe salama."

Hapo nilinyamaza, kwa sababu nilimkumbuka babu yangu.

Babu hakuwa akiona. Mimi, mtoto wa miaka 9, ndiye niliyekuwa nikimshika mkono wa kushoto, wa kulia akiwa na bakora yake, tukipita vichochoroni kwenda msikitini na sokoni. Wenzangu walinicheka wakiniita bakora ya pili. Siku moja nilimsimamisha nje ya soko la Darajani, nikamwambia, "Babu, ningoje hapa, narudi sasa hivi." Nikakimbilia Mnazi Mmoja kutazama mpira. Niliporudi, jua lilikuwa limekwisha kugeuka, na babu hayupo. Mpita njia alikuwa amemfikisha nyumbani. Nilijua nitapigwa. Lakini babu alikwisha kumwambia mama kwamba ni yeye aliyenituma mbali. Hakunisema mpaka anakufa, na mimi sikumwomba radhi.

Mbwa nimjuaye kwa mawe, kumbe ana uaminifu ulionishinda mimi. Nayo dini yangu haikuwahi kunifundisha kumdharau. Surat al-Maida imehalalisha windo la mbwa aliyefunzwa, na mbwa wa watu wa pangoni ametajwa katika Surat al-Kahf. Hata fikihi yetu husema kikavu kikigusa kikavu hakitii najisi. Ile chuki tuliiongeza sisi wenyewe.

Ndege ilipotua, mama akashika mpini wa hatamu, mbwa akasimama. Katika kugeuka, ulimi wake ukagusa pindo la kanzu yangu. Sikuruka. Nilimpisha, wakatangulia, wakapita katikati ya umati wote bila kumgonga mtu.

Nyumbani kwa mwanangu nilichota udongo bustanini, nikaliosha pindo lile mara 7 kama nilivyofundishwa, likatakasika. La Darajani ndilo ambalo mpaka leo sijui nilioshe kwa nini.